Kabla hujapanda Ol Doinyo Lengai, pita kwenye huu uzi

Dereva wa Vumbi

Wakuu, habari za mihangaiko. Kila msimu wa likizo napokea ujumbe uleule: "Kaka, Lengai inatoa moto? Tukija tutauona?" Nimechoka kumjibu kila mtu peke yake, kwa hiyo naandika hapa kuhusu volkano hii yetu ya kaskazini mwa Tanzania, karibu na Ziwa Natron, wenye nyongeza wataongeza. Mimi ni dereva wa watalii, makazi Mto wa Mbu. Barabara ya Engaruka hadi Engare Sero, kijiji kilicho chini ya mlima, naijua shimo kwa shimo. Sayansi sikusomea, ila nimewabeba waliosomea na safari ni ndefu, wanaongea.

Niwatoe hofu moja, halafu niwatie nyingine.

Moto wa Lengai hauji kukufuata nyumbani. Lava yake haina mfano katika volkano zote zilizo hai leo duniani. Kwingine kinachotoka ni mwamba ulioyeyuka kwa joto la nyuzi 700 hadi 1,200 hivi. Hapa kinatoka kitu kilichojaa kaboneti za sodiamu na potasiamu, yaani ukoo mmoja na magadi mnayotia kwenye maharage, kwa joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi. Mchana ni nyeusi na inatiririka kama oili chafu ya gari. Wekundu wake ni hafifu, mpaka usiku ndiyo unauona. Ikishapata unyevu wa hewa inaanza kugeuka nyeupe, ndani ya saa au siku chache. Ndiyo maana wageni wakikiona kilele kutoka barabarani wanaulizana kama ni theluji. Na mojawapo ya madini yaliyomo humo wataalamu waliipa jina la Mwalimu: nyerereiti. Mwalimu ana uwanja wa ndege, ana barabara karibu kila mji, na ana madini yanayotoka tumboni mwa Lengai yakiwa bado ya moto.

Sasa hofu ya kweli. Mlima una karibu mita 2,960 na umechongoka. Aliyezoea Kilimanjaro, ambako unapanda pole pole siku kadhaa, kuna vibanda, kuna wapishi na vyoo, aje na adabu mpya. Huku unaanza saa tano au saa sita usiku na tochi kichwani, unapanda usiku kucha bila kupumzika pa maana, alfajiri uko juu. Usiku huo haukuchaguliwa kwa ajili ya picha za macheo. Ni kwa sababu ya jua. Mlima mzima hauna mti wa kukupa kivuli wala tone la maji, na bonde lile likishapata jua la saa nne asubuhi, anayeshuka anatamani hata kulala chini ya jiwe. Sehemu ya juu unapanda kwa mikono na miguu, kwenye majivu yaliyoganda yakawa kama zege lenye changarawe juu yake. Kushuka ndiko kunakowaliza watu. Magoti yanatetemeka, na ukiteleza hakuna cha kushika.

Juu kuna nini? Miaka ya nyuma kreta ya kaskazini ilikuwa imejaa mpaka juu, watu walikuwa wanatembea ndani yake katikati ya vichuguu vya lava, wengine wanapiga mahema kabisa. Hayo yaliisha na mlipuko mkubwa ulioanza Septemba 2007 na kuendelea hadi 2008. Ile sakafu ikaondoka, likabaki shimo la zaidi ya mita 100. Tangu hapo lava imekuwa ikitoka chini humo na kulijaza kidogo kidogo. Kwa hiyo siku hizi unasimama ukingoni unachungulia. Kuna siku utaona lava inaruka kutoka kwenye kichuguu, kuna siku utasikia mvumo tu na harufu ya kiberiti. Hakuna muongozaji mwaminifu atakayekuahidi kitu. Na ule ukingo unamong'onyoka. Muongozaji akisema rudi nyuma, rudi, mambo ya picha umelipa mgongo shimo mikono umeitanua achana nayo. Ukivunjika mguu kule juu hakuna helikopta inayosubiri, ni vijana wa Kimasai watakaokubeba, na njia wanayopita umeshaiona.

Barabara: Mto wa Mbu, Selela, Engaruka, Engare Sero, kilomita zaidi ya 100. Wengi wenu mmeshapita chini ya Lengai bila kujua, ule mwaka 2011 mkienda Samunge kwa Babu kunywa kikombe. Foleni ile! Masika makorongo yanajaa ghafla, unazima gari unasubiri maji yapungue, hata kama una Land Cruiser ya jana. Njiani kuna mageti ya ushuru ya halmashauri, na unavuka wilaya zaidi ya moja. Dai stakabadhi kila geti, bei zinabadilika kwa hiyo siziandiki.

Na tafadhali, usifike ukapanda ukashuka ukaondoka. Engaruka kuna magofu ya watu waliolima kwa mifereji mamia ya miaka iliyopita, kwenye ardhi ambayo ukiitazama leo unajiuliza walilima nini. Engare Sero kuna maporomoko ya maji, unatembea ndani ya mto mpaka unayafikia. Na kuna nyayo za binadamu zaidi ya 400, zimeganda kwenye tope la majivu ya mlima huohuo tangu maelfu ya miaka. Kuna mahali unaona kabisa huyu alikuwa anakimbia. Mimi nikiambiwa nichague kati ya kilele na zile nyayo, nakaa na nyayo.

Kiroboto 88

Mkuu uzi umeenda shule. Swali: hawa wanaoishi chini yake kwa nini hawahami? Volkano ni volkano. Italipuka lini tena?

Dereva wa Vumbi

Lini, hakuna ajuaye. Milipuko mikubwa inayotajwa ni 1917, 1940 na 1941, 1966 na 1967, halafu hiyo ya 2007 na 2008. Wengine wanapiga hesabu hapo wanapata ratiba, mlima haujasaini ratiba hiyo. La kuhama namwachia mwenye boma.

Olayoni wa Gelai

Nimo, nasoma kimya kimya. Mimi ni wa huko, sasa niko Arusha kwa kazi, wazazi na ng'ombe wapo palepale.

Ndugu Kiroboto, mwaka 2007 kabla ya mlipuko ilianza ardhi. Mwezi wa saba matetemeko yalikuja mfululizo, kubwa likiwa tarehe 17, ukubwa karibu 6, hadi Nairobi walilisikia. Baadaye tukaelezwa kwamba uji wa moto ulikuwa unajipenyeza chini ya ardhi upande wa mlima Gelai, wala haukutokea juu kwetu. Tulilala nje. Ardhi ilipasuka nyufa ambazo mbuzi alikuwa anaweza kutumbukia. Septemba mlima wenyewe ukaanza.

Watu wakisikia volkano wanawaza mto wa moto unakula nyumba. Sisi lava haikutufikia. Kilichotufikia ni majivu. Kwa kawaida upepo wa kule unapuliza kuelekea magharibi, kwa hiyo waliobeba mzigo mkubwa ni wa juu kule, Nayobi na nyanda za Ngorongoro. Majivu yakikaa kwenye nyasi ng'ombe anakula majivu. Yakiingia kwenye maji, mnakunywa wote. Macho yanawasha, watoto wanakohoa. Mfugaji hana bima, mali yake ni ile inayotembea, kwa hiyo alichofanya kila mwenye nguvu ni kuswaga mifugo kwenda mbali. Wengine walihama kwa muda. Halafu mvua ikanyesha, nyasi zikaota, wakarudi. Hiyo ndiyo kuhama yetu. Unahama na mifugo, unarudi na mifugo. Kuhama jumla tuhamie wapi? Kila upande kuna mwenyewe au kuna hifadhi.

Na usisahau ule ni mlima wa Engai, yaani Mungu. Wazee wanakwenda pale kuomba mvua, akina mama wanakwenda kuomba watoto. Mtu haukimbii mlima anaouombea.

Kama unataka kujua kinachotusumbua mwaka hadi mwaka, si moto, ni maji. Miamba ya volkano ina floraidi nyingi na inaingia kwenye visima na chemchemi. Angalia meno ya watu wa ukanda huu hadi Arumeru, yale ya rangi ya kahawia mnayoyatania mjini. Floraidi ikizidi hata mifupa ya watoto inapinda. Kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, kuna vyanzo kwetu viko mbali sana juu ya hapo. Mgeni anakuja na katoni ya maji ya chupa, anapiga picha meno ya mzee, anaondoka.

Dereva wa Vumbi

Hapo kwenye majivu kuelekea magharibi wengi hawajui yanaishia wapi. Kuna mwalimu humu alishawahi kulielezea vizuri.

Chaki na Ramani

Nimeitwa nimekuja. Nafundisha jiografia, sekondari.

Fungua ramani, weka kidole Lengai, kisogeze kuelekea magharibi. Utapita nyanda za juu za Ngorongoro, utashukia tambarare za Ndutu na kusini mwa Serengeti. Kwa maelfu ya miaka majivu ya Lengai na ya jirani yake Kerimasi, ambao umeshazimika, yamekuwa yakimwagika pale. Yamejaa kalisi na madini mengine, na yakilowa na kukauka yanaganda tabaka gumu chini ya udongo. Mizizi ya miti inashindwa kulipenya, nyasi fupi haziuhitaji huo urefu. Matokeo yake ni uwanja usio na miti, wenye nyasi tamu zenye madini. Nyumbu wanafuata nyasi hizo kuzalia, kati ya Januari na Machi. Mama anayenyonyesha anahitaji kalisi, na uwanja usio na vichaka unamwonyesha simba akiwa bado mbali. Kwa hiyo ile misafara ya nyumbu inayojaza hoteli zetu inadaiwa na Lengai, na sijawahi kusikia mtu akiutaja mlima anapogawa mapato.

Karibu na Olduvai kuna hata lundo la mchanga mweusi wa majivu hayo linalohama lenyewe kwa upepo, takriban mita 17 kwa mwaka, bila kusambaratika. Una chuma ndani yake, punje zinang'ang'aniana. Peleka sumaku uone.

Halafu wanafunzi wangu wanadhani Lengai ndiyo volkano yetu pekee. Meru mara ya mwisho ilitoa majivu 1910, juzi tu kwa hesabu za mlima. Kilimanjaro pale Kibo bado kuna matundu yanayotoa gesi. Na Rungwe huko sijagusa.

Ndizi za Tukuyu

Umegusa Rungwe nimeamka. Sisi kwetu volkano ni mashamba. Udongo mweusi, ndizi, chai, viazi, mvua haikatiki. Ziwa Ngozi limekaa ndani ya kreta. Na pale Kyejo gesi ya kabonidayoksaidi inatoka ardhini yenyewe, wakaweka kiwanda Ikama cha kuivuna, inaenda kwenye vinywaji. Ukifungua soda ikafanya tsss, kuna uwezekano umeisikia pumzi ya mlima wetu. Wazee walikuwa wanatukataza watoto kwenda kwenye mabonde fulani asubuhi, wanasema ndege wakitua wanakufa. Tulidhani uchawi.

Dada wa Majengo

Mimi ni wa Goma, Congo, kartie (mtaa) ya Majengo, mutanisamehe Kiswahili chetu. Nimesoma ya "lava haiji kukufuata nyumbani" nikacheka peke yangu. Yetu inakuja. Inagonga na mlango.

Nyiragongo iko nyuma ya mji, mita 3,470, usiku kukiwa hakuna mawingu tulizoea kuona mwanga mwekundu juu yake, watoto wanakua wakidhani kila mji una taa ile. Ndani mulikuwa na ziwa la lava. Lava yake ni nyepesi sana, inakimbia. Januari 10, 1977 ubavu ulipasuka, ziwa lote likamwagika kwa muda usiofika saa moja, vijiji vikaliwa watu wakiwa njiani. Januari 17, 2002 ikapita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia Ziwa Kivu. Watu kwa malaki tukavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, kwa miguu, godoro kichwani. Halafu watu wakarudi wakati mawe bado yana joto, wakaanza kujenga juu yake. Nyumba yetu imejengwa juu ya lava ya 2002, ukuta wake umejengwa kwa mawe ya lava hiyo. Choo kukichimba ni wiki nzima na nyundo.

Mei 22, 2021 ilikuwa Jumamosi jioni. Hakuna king'ora, hakuna tangazo, tuliona mbingu nyekundu na mutu anapiga kelele barabarani "mulima imepasuka!" Lava ilikula Buhene ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Zaidi ya watu 30 walikufa, nyumba maelfu zikaenda. Tukashukuru tukalala. Matetemeko yakaendelea siku baada ya siku, kuta zinapasuka, na tarehe 27 serikali ikatangaza kartie kumi ziondoke, kwetu imo, kwa sababu walihofia uji wa moto ulikuwa umeingia chini ya mji na chini ya ziwa. Ziwa Kivu lina gesi nyingi mno chini yake, ya kabonidayoksaidi na ya methani. Wanyarwanda wanaitoa ile methani Karongi wanapata umeme, sisi tunaomba isitoke yenyewe. Mji mzima ukaenda Sake, ukaenda Gisenyi, wengine kwa boti Bukavu. Mukimbia watu laki nyingi kwa siku moja kwa barabara mbili, mutoto kupotea ni jambo la dakika.

Na wa Tukuyu, hiyo ya wazee wenu si uchawi. Sisi tunaita mazuku. Ni gesi hiyohiyo, ni nzito kuliko hewa, inakaa kwenye mashimo na mabonde madogo, sana upande wa magharibi wa mji karibu na ziwa. Upepo ukikosekana, usiku na alfajiri, inajaa bila rangi. Mutu mzima aliyesimama anaweza kupita, mutoto au mbuzi anaanguka palepale, na anayeinama kumwokota anaanguka juu yake. Wakati wa vita wakimbizi walipewa viwanja mahali kama hapo, kwa sababu ndipo palibaki wazi. Mukienda kutembelea volkano yoyote, musilale kwenye bonde, hata kama limejikinga na upepo vizuri.

Kiroboto 88

Pole sana dada. Nafuta neno langu la kuhama.

Dada wa Majengo

Usifute, tunaulizana wenyewe kila mara. Kuhama wapi? Biashara iko hapa, mpaka uko hapa, udongo wa milima ya pembeni unatoa kila kitu, na kwingine kuna bunduki. Kati ya mulima na bunduki, mulima ina adabu kidogo. Watalii zamani walipanda kutoka Kibati, wanalala juu kwenye vibanda wakiangalia ziwa la moto. Usalama uliharibu yote hayo. Waongozaji wetu walikuwa wazuri, munge­kuja.

Mchumi wa Kijiweni

Mbona hakuna anayezungumzia uchumi? Ziwa Natron limejaa magadi kutokana na volkano hizo, tumelikalia tu. Kiwanda kingejenga barabara ya lami siku nyingi.

Olayoni wa Gelai

Tulishapita huko ndugu yangu. Wazo la kiwanda Natron lilikuja miaka ya 2000, likapingwa likasimama. Sababu ni flamingo. Flamingo wadogo wa dunia nzima, kama robo tatu yao, wanaanguliwa ziwa lile moja. Maji yanachoma ngozi, mnyama mla nyama hafiki kwenye viota, ndiyo maana wamelichagua. Sasa NDC (Shirika la Maendeleo la Taifa) wanaangalia magadi ya Engaruka badala yake. Mimi sipingi kiwanda. Napinga kuambiwa barabara haiwezi kuja mpaka kiwanda kije, wakati mageti ya ushuru yalikuja bila kiwanda.

Chaki na Ramani

Hahaha hapo kwenye mageti.

Jambo moja la kuongeza kwa waliouliza kuhusu kutabiri. Tangu 2016 kuna vituo vya GPS vimefungwa kuzunguka Lengai, Chuo Kikuu Ardhi wakiwa miongoni mwa washiriki, vinapima ardhi inavyovimba na kunywea kwa milimita. Uji ukipanda chini, mlima unatutumka. Havisemi tarehe, ila kupima kupo. Kinachobaki ni taarifa kufika bomani kwa lugha ya bomani, na kabla ya mitandao ya mjini.

Nauli ya Mwanafunzi

Jamani shukrani kwa uzi. Mimi sina hela ya gari la kukodi. Naweza kwenda kwa basi? Na nibebe nini?

Dereva wa Vumbi

Unaweza. Panda basi la Arusha kwenda Loliondo, linapita Engare Sero. Yanaondoka asubuhi na mapema, kata tiketi siku moja kabla na uulize kama siku hiyo linapita njia ya Natron. Kaa upande wa kushoto, ndiyo wenye ukuta wa Bonde la Ufa. Epuka Machi hadi Mei.

Ukishuka, watakuja vijana wengi kwa pamoja. Wasalimie, nenda kijijini ukaulizie waongozaji wanaotambulika, mkubaliane bei kabla ya jua kuzama mbele ya mtu mwingine, na usipande na asiyewahi kuulizwa na mwenzake "jana juu kulikuwaje?" Fika siku moja kabla, lala mchana. Maji lita nne kwa mtu ndiyo kiasi changu, wenye haraka wanabeba mbili na wanaomba za wenzao wakishuka. Sweta, maana juu kuna baridi alfajiri. Glavu za kazi za ujenzi, zile za buku mbili tatu, kwa ajili ya kushika miamba. Kitambaa cha mdomo na pua. Miwani ya kuzuia vumbi kama unavaa lenzi machoni. Buti za zamani zenye soli nzima, mpya zitachubua miguu yako na majivu yale yenye magadi yatazizeesha bure.

Na ukifika geti la kwanza ukaambiwa stakabadhi zimeisha, kaa chini usubiri. Huwa zinapatikana.